Kwa Baiskeli ya Bei Nafuu Mpaka Kwihara

Mgeni akishuka garimoshini Tabora asubuhi huona kwanza vitu viwili: miembe na baiskeli. Nchi yetu ya Unyamwezi ni tambarare, iko kiasi cha meta 1,200 juu ya bahari, vilima vyake ni vichache na vya mawe. Kwa hiyo baiskeli imepata kwake. Mwenye asali, mwenye mkaa, anayempeleka mgonjwa zahanati, anayewahi Misa, wote wamo barabarani wanakanyaga pedali. Pikipiki zimeongezeka, ni kweli, lakini pikipiki hula petroli kila siku, na baiskeli haili kitu ila jasho la mwenyewe.

Parokia yetu ina vigango sita. Kilicho mbali ni mwendo wa kilometa 22, na katekista wake, mzee wa miaka 60 na kitu, huja kwa miguu kwenye mkutano wa kila mwezi. Baada ya mavuno ya mwaka huu Halmashauri ilitenga fedha za kuwanunulia makatekista baiskeli. Hapo kijana mmoja akatoa simu yake, akaonyesha picha za baiskeli zinazouzwa mtandaoni, zinazong'aa kama sahani za arusi, na bei yake ni theluthi mbili tu ya bei ya dukani. Kwa bei hiyo fedha zingetosha baiskeli sita. Kwa bei ya dukani zingepatikana nne. Wazee walitazamana. Fedha yenyewe ni mahindi na mpunga wa Wakristo, si fedha ya kuchezea. Baba Paroko akasema, "Tununue moja kwanza. Karani aipande mpaka kigango cha mbali, arudi na mzigo, atuambie."

Ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, imefungwa katika boksi, vipande vipande. Nilikwenda nayo kwa fundi wetu wa chini ya mwembe. Huyu ni mtu wa maneno machache. Alizungusha gurudumu la nyuma, akahesabu spoku kwa kidole. "Thelathini na sita," akasema. "Ile yangu ina arobaini." Akapima unene wa spoku moja kwa kucha, akanyamaza. Breki zake ni za waya, si za vyuma kama za baiskeli zetu za zamani. Karia ilikuwa bati jembamba lililofungwa kwa parafujo mbili. Lakini nisiseme uongo: ilikuwa nyepesi, na ilikimbia vizuri.

Niliondoka Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi. Begani nilikuwa na mfuko wenye pampu, spana, viraka, chupa ya maji na kile chombo changu cha kusomea vitabu. Wengine wenu hamjakiona, basi nikieleze. Ni kama kibao cha shule, chembamba, chaingia mfukoni mwa koti. Ndani yake hukaa vitabu mamia kwa mamia. Si kama simu, maana hakiwaki machoni. Chini ya kioo chake mna vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na ndani ya vifuko mna chembe nyeupe na chembe nyeusi. Umeme huzisukuma, nyeusi zikapanda juu mahali pa herufi, kisha zikakaa hapo hapo bila kuhitaji umeme tena mpaka ufungue ukurasa mwingine. Ndiyo sababu betri yake hudumu wiki nyingi, na juani husomeka kama karatasi. Kile kiitwacho Kindle kilianza kuuzwa Marekani mwaka 2007. Changu nilikinunua mtandaoni kwa fedha yangu, kikiwa kimekwisha kutumiwa na mtu mwingine.

Kwihara ni karibu, kilometa chache tu kusini-magharibi ya mji. Njia ni ya mchanga, na mahali pengine baiskeli huzama, lazima ushuke uikokote. Katika vijiji watoto walinikimbilia wakiitazama rangi yake, na akina mama waliotoka kisimani wakaniamkia, "Mwangaluka!" Mbele, kati ya miti, ikatokea ile tembe ya udongo mwekundu yenye mlango wa mbao wa kuchongwa. Hapo alikaa Stanley mwaka 1871, wakati Waarabu wa Unyanyembe walipokuwa wakipigana na Mtemi Mirambo, na mwaka 1872 alirudi akiwa na Livingstone kutoka Ujiji. Leo ni nyumba ya makumbusho.

Niliketi kivulini nikafungua kitabu cha Stanley, alichokitoa mwaka ule ule wa 1872. Vitabu vya zamani namna hii havina tena mwenye haki navyo, mtu huvipata mtandaoni bila kulipa. Kusoma habari za mahali ukiwa umekaa pale pale ni jambo la kupendeza sana. Stanley aliondoka hapo tarehe 14 Machi kwenda pwani. Livingstone alibaki akingoja wapagazi mpaka mwezi wa Agosti, ndipo akashika njia ya kusini, asirudi tena akiwa hai. Alifariki mwaka 1873 katika nchi iitwayo sasa Zambia. Watu wake, akina Susi na Chuma, waliukausha mwili wake wakaubeba kwa miguu, wakapita hapa Unyanyembe, wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874, na huko ulipokewa katika misioni yetu Katoliki ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Miezi mingi ya kutembea, na hawakuwa na baiskeli, wala nzuri wala mbovu.

Nilifikiri pia habari ya wino. Mwaka 1871, alipokuwa Manyema, Livingstone aliishiwa na karatasi na wino. Aliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino aliotengeneza kwa mbegu za mmea. Wino ule ulififia hata haukusomeka tena, mpaka wataalamu walipoupiga picha kwa mianga ya namna mbalimbali na kuyatoa maandishi yake mwaka 2011. Nami nilikuwa nimeshika wino unaojipanga wenyewe na kujifuta wenyewe!

Nilifika kigangoni alasiri. "Shikamoo, Katekista." "Marahaba, Karani, pole na njia." Aliizunguka baiskeli mara mbili, akaibonyeza kiti, hakusema neno. Mkewe alileta ugali na mlenda. Tulipokwisha kula nilimwonyesha kile chombo, nikafungua Injili ya Jumapili kwa Kiswahili niliyokuwa nimeitia humo. Alikiweka mbali, akakileta karibu, akatikisa kichwa. Miwani yake ilivunjika zamani, na masomo huwa anasomewa na mjukuu wake usiku mpaka anayashika kwa moyo. Nikagusa mahali pa kukuzia herufi. Zikakua mara moja, zikakua tena, zikawa kubwa kama za ubaoni. Mzee akaanza kusoma. Alisoma polepole, kwa sauti, mpaka mwisho wa Injili, na mkewe akaacha vyombo akasimama mlangoni.

"Karani," akasema, "hiki nacho ni shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Ilikuwa kama nusu ya bei ya ile baiskeli. Alinirudishia bila kusema zaidi.

Kesho yake baada ya ibada tulifunga kwenye karia gunia la mahindi ya sadaka, kiasi cha kilo 40. Mzigo huu kwa baiskeli ya Kinyamwezi ni mchezo, watu hubeba magunia mawili ya mkaa. Kilometa ya nane nikasikia "taa!", spoku imekatika. Kabla ya kufika Kwihara zilikuwa zimekatika nne, rimu ikapinda ikasugua breki, na karia ikalala upande mmoja. Kwenye mteremko mdogo wa mawe breki ya mbele ilishika, ya nyuma haikushika. Mwenye miaka 30 na kitu kama mimi aliruka akasimama. Nilimfikiria mtu wa miaka 60 mahali pale. Nilisukuma mpaka mjini, nikafika usiku.

Fundi aliona, akasema spoku za kipimo kile mjini hakuna, atakata za namna nyingine. Niliieleza Halmashauri yote kama ilivyokuwa. Yule kijana alisema kwa haki kwamba baiskeli haikutengenezwa kwa mizigo, na kwa mjini inafaa. Ni kweli, ndiyo ninayoipanda sasa nikipeleka barua, bila karia. Kwa fedha zilizobaki makatekista watatu walipata baiskeli za dukani, za spoku 40 na breki za vyuma. Wawili wa karibu wanangoja mavuno yajayo, wamekubali ila hawakufurahi, na mimi siwalaumu. Wa sita ni wa kigango cha hapa mlangoni, yeye alijitoa mwenyewe.

Mzee wetu alipata ya kwanza. Kile chombo cha vitabu nimempa akitumie. Kanisani husoma katika kitabu cha masomo kama ilivyo desturi, kwa kuwa sasa amekwisha kujiandaa nyumbani, na mjukuu analala mapema. Kila wiki tatu hukileta ofisini nikitie umeme, maana kigangoni umeme haujafika. Hufika saa tatu asubuhi, ameegemeza baiskeli kwenye mwembe, na nyuma amefunga gunia.