Matone katika Pipa

Nilipokuwa mtoto Kawangware, nilimwaga chupa nzima ya mafuta ya taa njiani. Nikachapwa, na mvua ikayachukua. Baadaye, Kibera kwa shangazi, matone machache tu yaliingia katika pipa la maji. Nyumba tatu zililala na kiu.

Matone hayo hunirudia nisomapo habari za bahari. Mwaka 1979 meli Atlantic Empress ilimwaga tani 287,000 karibu na Tobago. Mengi yaliungua au yakatawanywa na bahari kuu, na pwani za jirani hazikudhurika sana. Mwaka 1988 tangi lilitoboka Mombasa, yakavuja mafuta yapatayo tani 5,000. Lakini yalivuja katika hori ya Makupa, penye maji matulivu, yakaganda mizizini mwa mikoko, mikoko ikafa. Shangazi alilisugua pipa lake kwa majivu. Mizizi ile nani angeisugua?