Juma la Mawindo

Watu wengi huisifu shabaha ya mwindaji, na wachache huuliza ni mara ngapi aliishusha bunduki yake bila ya kuifyatua. Nataka kukusimulia, msomaji, habari za juma moja la mawindo lililofana sana, ili uone ya kuwa swali hilo la pili ndilo limpimalo mwindaji hasa.

Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, na kijana wa leo humjua mnyama wa mwitu kwa kumtazama tu. Kwa hiyo nilipokuwa masomoni katika jimbo la Wisconsin, huko Marekani, nilistaajabu kuona kwamba kila Novemba watu zaidi ya laki tano, wakulima kwa walimu, waganga kwa makarani, huchukua bunduki na kuingia msituni kwa siku 9 zilizowekwa na sheria. Wamtafutaye ni kulungu wa nchi ile, mwenye mkia mweupe, ambaye pembe za dume lake huanguka kila mwaka na kuota tena.

Katika Novemba 2018 nilialikwa na mkulima mmoja mzee, aishiye kaskazini ya jimbo hilo. Alikuwa pamoja na mwanawe wa kiume na binti yake, kila mmoja na bunduki yake na leseni yake. Mimi sikuchukua silaha. Kazi yangu ilikuwa kutazama, kubeba na kujifunza. Tulivaa sote nguo za rangi ya chungwa ing'aayo, ambayo mwanadamu huiona kwa mbali, lakini jicho la kulungu haliitofautishi na majani. Kabla ya kutoka, mzee alitukumbusha amri nne: kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, mdomo wake usielekezwe kwa kitu usichotaka kukiua, kidole kikae mbali na mtambo mpaka wakati wa kupiga, tena ujue unachokilenga na kilicho nyuma yake.

Jumamosi tulipanda ulingoni kungali giza. Baridi ilikuwa kali hata pumzi zetu zikawa moshi. Jua lilipochomoza, dume mwenye pembe za ncha 8 alitokea katikati ya mialoni, na binti akampiga risasi moja. Hakwenda hata hatua 50. Yule binti alipiga magoti thelujini, akampasua na kumtoa matumbo upesi, joto la mwili lisije likaiharibu nyama. Kisha akamwandikisha mnyama wake kama sheria iagizavyo.

Jumatatu ilikuwa zamu ya mzee. Dume mkubwa kupita yule wa kwanza alisimama juu ya kilima, ubavu wake wote wazi. Mzee aliinua bunduki, akalenga, akatulia, kisha akaishusha. Kulungu akatikisa mkia, akazama ng'ambo ya pili. Nilimuuliza kwa nini, naye akajibu kwa sauti ndogo, "Nyuma yake palikuwa na mbingu tu." Ng'ambo ya kilima kile palikuwa na njia na nyumba ya jirani. Risasi ikikosa mnyama haisimami kuuliza njia. Huendelea mpaka ikute kitu.

Jumatano kijana alimpiga jike, lakini risasi haikuingia mahali pake, na mnyama akakimbia na jeraha. Hapo hapakuwa na mzaha tena. Tulifuata matone ya damu juu ya theluji kwa muda wa saa tatu, tukivuka kijito na kichaka cha miiba, hakuna aliyetaja chakula wala baridi. Tulimkuta jua likikaribia kuchwa, na risasi ya pili ikamwondolea mateso. Mzee alimwambia mwanawe, "Mnyama uliyemjeruhi ni deni." Siku mbili baadaye mzee naye alipata dume wa wastani, karibu na palipo chini, penye udongo nyuma yake wa kuipokea risasi.

Hivyo juma lilikwisha kwa kulungu watatu. Wawili walijaza sanduku la barafu la jamaa ile. Wa tatu alipelekwa kwa mchinjaji ili nyama yake wagawiwe wenye haja.

Huenda ukauliza, msomaji, kama mauaji hayo hayammalizi mnyama. Karibu na mwaka wa 1900 kulungu walikuwa wamekuwa haba, kwa sababu waliwindwa kwa biashara pasipo kiasi. Wokovu wao ulikuwa sheria: msimu mfupi, idadi iliyopimwa, na tangu 1937 kodi juu ya bunduki na risasi, ambayo fedha zake hutunza wanyama wa mwitu. Leo ni wengi, na mahali pasipo mbwa-mwitu huila miche ya msitu mpaka msitu ushindwe kujizalisha.

Sikusimulii haya ili Kenya irudie bunduki. Kulungu jike huzaa mapacha mara nyingi. Ndovu huchukua mimba miezi 22 na aghalabu huzaa mtoto mmoja. Sheria ifaayo kwa mmoja huweza kumwangamiza mwingine, na kila nchi sharti iwapime wanyama wake yenyewe. Lakini jambo moja ni lile lile kila mahali: nguvu isiyo na mpaka hujiharibia riziki yake. Shabaha ya yule binti ilikuwa njema, na uvumilivu wa nduguye ulistahili heshima. Hata hivyo, nikiulizwa ni lini katika juma lile nilimwona mwindaji kamili, nitajibu kuwa ni Jumatatu, siku ambayo bunduki haikulia.