Jicho la Mlangoni na Sitara ya Jirani

 Wazazi wa watoto wetu wa chuoni wametuomba mara nyingi tuwaeleze namna tulivyochagua kamera za nje na kuzifunga kwa mikono yetu wenyewe. Leo tutaeleza, na pamoja na hayo tutaungama kosa tulilolitenda, kwani aliyejikwaa ndiye ajuaye jiwe lilipo.

Nyumba yetu imo katika Mji wa Kale wa Mombasa, na chini yake ndipo wasomapo watoto. Kichochoro cha mbele ni chembamba, hata watu wawili wakikutana hapana budi mmoja ampishe mwenziwe. Usiku mmoja tuliibiwa pampu ya maji, na baada ya wiki chache ikaibiwa baiskeli ya mwanafunzi. Kumtegemea Mungu si kuacha mlango wazi. Yule mtu aliyemwuliza Mtume juu ya ngamia wake aliamrishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Basi tukanunua kamera nne, tukasaidiwa na mwana wa ndugu yetu kuzifunga.

Jambo la kwanza kulitazama, khasa kwetu sisi watu wa pwani, ni kinga ya mvua na vumbi. Juu ya kamera huandikwa IP na tarakimu mbili: ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP66 maana yake vumbi haliingii kabisa, na maji yarushwayo kwa nguvu hayaidhuru. IP67 yastahimili hata kuzamishwa majini kina cha mita 1 kwa nusu saa. Lakini alama hiyo ni ya kamera, si ya maungio ya waya yaliyoachwa wazi nyuma yake. Chumvi ya bahari huanzia hapo kula. Tia maungio ndani ya kisanduku kilichofungwa vizuri, na kamera uiweke chini ya upenu.

La pili ni waya. Zile za waifai ni nyepesi kufunga, lakini kuta zetu za mawe ni nene na mawimbi hayapiti vyema. Tulichagua zile za waya mmoja upitishao umeme na picha pamoja, ambao waweza kufika mita 100. Kisanduku cha kurekodi tukakipa betri ya akiba, kwani mwizi hapendi kitu kama usiku wa umeme kukatika.

La tatu ni neno la siri. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kiliteka kamera na visanduku vya kurekodia vingi mno duniani, kwa sababu wenyewe waliacha maneno ya siri yaliyotoka kiwandani. Asiyelibadilisha amefunga mlango na ufunguo ameuacha nje.

Sasa twafika penye kosa letu. Katika kuchagua lenzi tulidhani kuona kwingi ndiko kuona vyema. Tukachukua zote za milimita 2.8, ambazo huona upana mkubwa, tukazipandisha juu kabisa, moja yao juu ya paa. Haukupita mwezi, mtu akaja usiku akachukua mfereji wa shaba wa kutawadhia. Asubuhi tukakaa kutazama picha. Mlangoni tuliona kofia tu! Kamera ilikuwa juu mno, uso haukuonekana, na mji huu wanaume wavaao kofia ni wangapi?

Tukaigeukia kamera ya paani, labda ilimwona alikotokea. Hapo ndipo tulipomwona jirani yetu, mama mtu mzima, mjane, amekaa uani kwake alfajiri, kichwa wazi, anasuka nywele zake. Tukaizima picha na mikono ikitutetemeka. Picha za kila alfajiri zilikuwa zimehifadhiwa mle, na kijana wetu alikuwa na uwezo wa kuzifungua katika simu yake.

Tungeweza kunyamaza. Tuliona haya kunyamaza kuliko kusema, tukaenda mlangoni kwake, tukapiga hodi, tukamweleza. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, “Maalim, wewe ndiwe uliyemfundisha mwanangu kubisha hodi.”

Hakuongeza neno, wala hapakuwa na haja. Ni miaka mingi twawasomesha watoto Suratul Hujurat, na katika aya ya 12 tumekatazwa kupelelezana. Twawasimulia pia khabari ya mtu aliyechungulia katika tundu ya nyumba ya Mtume, na jinsi alivyokemewa, akaambiwa kwamba idhini imewekwa kwa ajili ya macho. Mbona sisi tulitoboa tundu nne na tusijue?

Siku ile ile tulifuta picha zote na kuiteremsha kamera ya paani. Tukabakisha mbili. Ya mlangoni tuliishusha hadi kiasi cha mita 2 na nusu, pale uso uonekanapo, tukaitia lenzi ya milimita 6, ambayo huona chembamba lakini mbali zaidi, tukaielekeza kwenye kizingiti chetu. Pembe ya dirisha la jirani iliyosalia tukaiziba kwa kivuli cheusi, kazi ambayo kamera nyingi za sasa zaweza kuifanya. Kipaza sauti tukakizima. Kamera moja yetu hula kiasi cha gigabaiti 43 kwa siku, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 hutosha kamera mbili siku 11 hivi, kisha picha za zamani hufutwa zenyewe. Wala hatutaki zikae zaidi. Tukaandika mlangoni kwamba pana kamera. Mwisho tukamwita yule mama na mwanawe watazame wenyewe kioo, waone kinachoonekana.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 31, yampa kila mtu haki ya faragha. Lakini kabla ya sheria ya serikali, jirani ana haki yake kwetu.

Basi ndugu msomaji, ukienda dukani usiulize tu kamera hii itaona nini. Uliza kwanza haitakiwi kuona nini, kisha ndipo uchague lenzi. Mfereji wetu haukurudi. Yule mama alikaa miezi miwili bila ya kupitia barazani kwetu. Ramadhani ilipoingia alituletea sahani ya kaimati, nasi tukamshukuru Mungu.

Wabillahi taufiq.