Mgeni Mwenye Sheria ya Chakula Afikapo Faza

Atokaye Lamu kwenda Faza, kaskazini mwa kisiwa cha Pate, hupita mkondo wa Mkanda ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara. Tangu zamani safari hiyo hupimwa kwa maji, wala si kwa saa. Maji yakipwa, mikoko husimama juu ya matope na chombo hungoja. Na toka kupwa hata kujaa hupita saa 6 hivi. Muda huo humtosha mgeni kuutazama mji. Lakini mgeni huyo akiwa Myahudi ashikaye sheria ya dini yake, liko swali litangulialo yote: atakula nini?

Nairobi Wayahudi wana sinagogi. Faza hakuna, wala hakuna mchinjaji aliyefunzwa sheria yao. Basi nyama haimfai, hata ikiwa imechinjwa kwa uangalifu. Hapo ndipo penye taabu, kwa maana katika pwani hii kukataa chakula cha mwenyeji ni kama kumkataa mwenyeji mwenyewe. Mzee akisema, "Karibu bwana, kuku yu tayari," mgeni hana budi kujibu kwa adabu, "Mzee wangu, nashukuru sana, ila dini yangu hainiruhusu."

Neno hilo si geni masikioni mwa watu wa Faza. Wao ni Waislamu, na tangu utoto wamefundishwa kutenga halali na haramu. Tena sheria yao huwaruhusu kula chakula cha Watu wa Kitabu, ambao Wayahudi ni miongoni mwao. Mtu amchaye Mungu mezani hawamwoni mwenye kiburi.

Dawa ya taabu hiyo iko baharini. Katika sheria ya Kiyahudi, samaki mwenye mapezi na magamba ni halali, wala hahitaji kuchinjwa. Kwa hiyo kamba, kaa, pweza na papa mgeni atawaacha. Changu na nguru atawala. Ila na amwone samaki mzima, magamba yangali mwilini, kabla hajakatwa. Na apasuliwe kwa kisu cha mgeni mwenyewe, achomwe juu ya makaa kwa kijiti kipya, kwa maana chungu kilichopikiwa vyakula vilivyokatazwa hakifai. Wengine hutaka kuuwasha moto kwa mkono wao. Ndizi, embe na dafu hukamilisha karamu.

Samaki akiwa ameliwa, mji waweza kutembelewa. Karibu na hori yapo magofu ya msikiti wa Kunjanja, yenye mihrabu iliyochongwa nakshi nzuri. Nje ya mji liko kaburi la Amir Hamad, jemadari wa Sultani wa Unguja, aliyeuawa mwaka 1844 katika vita juu ya Siyu na Pate.

Lakini habari iliyo kubwa kupita zote haina jengo. Mwaka 1587 Wareno walikuja na merikebu kutoka Goa kuiadhibu Faza, kwa sababu ilikuwa imemwunga mkono Mturuki, Amiri Ali Bey. Waliua watu, wakauteketeza mji, wakakipeleka kichwa cha mfalme wake Goa. Kisha wakaikata minazi. Mgeni asomaye Torati atalisikia jambo hilo kwa uchungu wake, kwa kuwa Torati hukataza kukata miti ya matunda hata mji unapozingirwa vitani. Aukataye mnazi huwanyima chakula hata watoto ambao bado hawajazaliwa.

Minazi ilipandwa tena. Maji yajaapo na nahodha aitapo, mwenyeji ambaye kuku wake hakuliwa hamwachi mgeni aondoke mikono mitupu. Humtilia chomboni madafu mawili ya njiani, na hayo mgeni huyapokea bila ya kuuliza swali.