Kupanda Vilima kwa Basi la Abiria

Wako watu wapandao milima kwa fahari: wana motokari zao, wana mahema, wana viatu vilivyoshonwa kwa kazi hiyo tu. Sisi walimu wachache Wakatoliki tukaao Mulungwishi, jirani na ndugu zetu Wamethodisti wenye chuo kikuu chao hapa, hatuna motokari, na kwa mshahara ujao leo ukakosekana kesho hatutazamii kuipata. Hata hivyo ni mwaka wa nne sasa twawapeleka wanafunzi wetu kupanda vilima, na kila mara tumekwenda kwa basi la abiria, tukarudi kwa basi la abiria. Jambo hili limezusha maneno mengi katika familia za hapa, tena mengine ni maneno ya haki. Yafaa basi tulieleze.

Kwanza, si jambo geni duniani. Katika kisiwa cha Réunion, ambacho karibu chote ni milima iliyoinuka kutoka baharini, watu hupanda basi la kawaida pamoja na wenyeji na vikapu vyao, wakashuka Cilaos, kisha huenda kwa miguu mpaka kilele cha Piton des Neiges, chenye zaidi ya mita 3,000.

Msomaji atatuambia: "Hicho ni kisiwa, sisi wa Katanga bahari tumeisoma vitabuni tu." Kweli. Lakini visiwa tunavyo. Mtu asafiriye kutoka Likasi kwenda Fungurume na atazame dirishani: msitu wa miombo umeenea pande zote kama maji, na katikati yake huinuka vilima vyenye upara, vimevikwa majani mafupi tu. Hivyo ndivyo vilima vya shaba. Shaba imezidi mno katika udongo wake hata mizizi ya miti haiwezi kuistahimili. Miti hufika chini ya kilima ikasimama, kama mawimbi yakomavyo ufukoni. Juu huota mimea mingine kabisa, midogo, iliyoizoea sumu ile. Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 600 za mimea katika vilima hivyo, na zaidi ya 30 kati yake haipatikani popote duniani ila juu ya ardhi ya shaba ya nchi hizi zetu. Nao wataalamu wenyewe huvifananisha na visiwa, kwa kuwa mmea wa kilima hiki si rahisi uvuke msitu na kufika kilima kile.

Katika mimea hiyo liko ua moja dogo la rangi ya zambarau ambalo watoto hulitafuta kabla ya mengine yote. Palipo na ua hilo, mara nyingi chini pana shaba. Hata wachunguzi wa mambo ya kale wamelifuata ili kupata mahali mababu walipoyeyushia shaba na kutengeneza ile misalaba midogo iliyokuwa fedha yao, karne nyingi kabla ya Union Minière kuundwa mwaka 1906. Tanuru limekwisha bomoka, majivu yamechukuliwa na mvua, lakini udongo wa mahali pale umeshika shaba, na ua laota papo hapo. Twakiri kwamba somo la historia halijapata kutufundishika vizuri hivi ndani ya darasa.

Sasa habari ya basi. Mwenye kutaka kupanda kilima kwa basi sharti ajifunze kwanza tabia za basi, maana kilima ni kipole kuliko basi. Basi haliondoki kwa saa, laondoka likijaa. Ndiyo sababu twatoka Jumamosi alfajiri, wakati wachuuzi waendapo sokoni na viti hujaa upesi. Watoto ni kumi na wawili, wala hawazidi. Wagawanywa katika mabasi mawili, mwalimu mmoja kila basi. Nauli yote hulipwa na mwalimu kabla ya kuondoka, mbele ya macho ya abiria, ili pasiwe na ugomvi njiani. Hapo hapo twamwuliza dereva basi la mwisho hurudi saa ngapi, na neno lake twalipunguza saa moja. Tukiisha shuka, hatukawii kando ya barabara: malori ya shaba na ya tindikali hupita usiku na mchana, na dereva aliyeketi juu kule hamwoni mtoto. Twashika njia ya miguu, twaenda kwa chifu wa kijiji kuomba ruhusa. Kilima kilichozungushiwa ua wa kampuni, au chenye mashimo ya wachimbaji, hatukikanyagi. Chakula ni karanga na mihogo ya kuchemsha. Vingine ni mzigo. Adhuhuri, popote tulipo, twasali Malaika wa Bwana.

Siku moja mama mmoja, aliyepakata kapu la samaki wakavu, aliwatazama watoto kwa muda mrefu, halafu akatuuliza:

"Mwalimu, hawa mwawapeleka kuchimba?"

"Hapana, Mama. Twawapeleka kukitazama kilima."

"Kukitazama! Kwani kilima kina miguu? Kesho hakitakuwapo?"

Mbele yetu lilikuwa likienda lori limejaa mawe ya kijani, mpaka mengine yakidondoka barabarani. Abiria wote waliliona, na mama naye aliliona. Hatukumjibu. Baadaye akasema kwa sauti ndogo kwamba mwanawe wa pili aliacha shule akiwa darasa la tano, yuko katika mashimo tangu mvua za mwaka uliopita, naye mama mtu hajui hata kilima chenyewe ni kipi.

Wazazi wanaotupinga wana hoja mbili. Ya kwanza ni nauli, kwa kuwa nauli ya kwenda na kurudi ni bukari ya siku nzima. Hilo tumelimaliza kwa mboga za bustani ya shule: huuzwa, na asiye na kitu halipi. Hoja ya pili ni nzito. Wasema kwamba kumzoeza mtoto kilima ni kumwonyesha njia ya mashimo. Baba mmoja, ambaye zamani alikuwa mchimbaji, alitukatalia binti yake mbele ya mkutano wa wazazi. "Mimi nilitoka huko," akasema, "ili yeye asiende." Neno hilo lilitunyima usingizi.

Lakini mtoto wa Mulungwishi hahitaji mwalimu kumwonyesha njia ya mashimo. Bei ya gunia la mawe aijua kabla ya kuijua hesabu ya kugawanya. Kilima kwake ni gunia tu, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kitu kingine. Tulimweleza baba yule habari za Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, aliyezaliwa Turin, Italia, mwaka 1901, katika nyumba ya matajiri. Huyo alipenda kupanda milima pamoja na rafiki zake, wakisali njiani. Tena alijifunza uhandisi wa migodi, akitaka kuwatumikia wachimbaji. Mara nyingi nauli yake ya tramu aliwapa maskini, akarudi nyumbani mbio kwa miguu. Alifariki mwaka 1925, umri wake miaka 24, naye Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Baba alisikiliza. Akauliza kama mtu huyo aliwahi kushuka shimoni mwenyewe. Kisha akaenda zake bila kusema ndiyo wala la.

Jumamosi iliyofuata binti yake alifika kituoni na nauli ya watu wawili. Baba alikuwa nyuma yake, amevaa viatu vyake vya zamani vya kazi. Safari yote hakusema neno. Kule juu watoto walipoliona ua la zambarau na kuanza kulichuma, aliwazuia, akapiga magoti, akalifunua kwa vidole viwili, akawaeleza jinsi babu yake alivyolifuata kutoka bonde hata bonde. Alijua mimea ambayo sisi hatukuijua, na majina yake kwa Kisanga. Binti yake alimtazama kama mtu anayekutana na mgeni.

Tulipokuwa tukijitayarisha kuteremka, baba alisimama akaelekeza mkono upande wa machweo, ambako palionekana shimo kubwa jekundu lenye ngazi ngazi.

"Pale palikuwa na kilima," akasema, akalitaja jina lake.

Binti akafungua daftari, akamwomba alirudie polepole. Wenzake nao wakatoa kalamu.