"Give up" ina maneno mangapi kwetu?



Mimi ni fundi cherehani hapa Kilwa Masoko. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, tena cha kubahatisha, lakini wageni wanaokuja kutazama magofu ya Kisiwani na Songo Mnara hupita dukani kwangu, basi imebidi nijifunze. Siku moja alikuja mama wa Kizungu, mtu mzima, nimpime gauni la kitenge. Nikamtilia chai. Alipoona nachukua sukari akanizuia: "I gave up sugar."

Shuleni mwalimu alitufundisha kuwa "give up" ni kukata tamaa. Moyoni nikamwonea huruma, maskini, kwao sukari imeadimika mpaka ameikatia tamaa! Nikamwambia asijali, hapa ipo, kilo mbili nzima. Aliponielewesha tulicheka mpaka futi kamba ikanianguka. Kumbe ameiacha tu, kwa afya yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiliokota neno hili kila linapodondoka, na nimeona Waingereza wamelibebesha mizigo mingi ambayo sisi tumeigawa. Mtu akiachana na sigara, sisi tunasema ameacha. Kijana akimwinukia bibi kwenye boti ya Kisiwani, amempisha. Askari akishindwa vita, amesalimu amri. Ukimwachia mtu deni lako, umesamehe. Na kwenye vitendawili, mwenzio akishindwa hasemi amekata tamaa. Anaambiwa "nipe mji", anautoa mji wake, kisha anapewa jibu na mchezo unaendelea. Kote huko Mwingereza anaweza kusema "give up", na yote hayo si kukata tamaa.

Nayasema haya kwa sababu mwaka 2024 nusura nifunge duka kwa kuchanganya maneno haya.

Nilipokea kazi ya sare za harusi, magauni 10 ya lesi. Nikachukua malipo ya awali, nikaagiza lesi Kariakoo, ikapakiwa kwenye basi. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu. Mvua ile mnaikumbuka. Barabara ya kutoka Dar es Salaam ikakatika kule Somanga, magari yakakwama pande zote mbili, na baharini nako hakukuwa pa kupita. Harusi imebaki siku sita, lesi iko ng'ambo ya maji.

Siku mbili nilikaa nikisema, "Sikati tamaa, lesi itafika." Nikadhani hiyo ndiyo imani. Kila mama wa bibi harusi akipiga simu, namwambia inshallah, inshallah. Usiku wa pili nililala chini ya meza ya kukatia, nikalia.

Alfajiri baada ya swala nilimkumbuka Nabii Yaaqub, amani iwe juu yake. Alilia kwa ajili ya Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Lakini katika Sura Yusuf, aya ya 87, anawaamuru wanawe waende wakawatafute Yusuf na ndugu yake, ndipo anawakataza kukata tamaa na rehema ya Allah. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi sijaona mpangilio wake. Kwanza nendeni mkatafute. Machozi yake hayakuwa kukata tamaa. Nami kukaa kwangu nikisubiri basi hakukuwa tawakkul. Mimi nilikuwa naogopa tu kupiga simu.

Nikapiga. "Mama, lesi haitawahi. Nisamehe. Pesa yako nakurudishia leo, na ukiridhia nitashona sare za kanga." Alifoka, na haki yake. Kisha akanyamaza, akasema, "Haya, shona."

Pesa niliyomrudishia ni ile niliyokuwa nadunduliza ninunue mashine ya ovaloki. Kanga za rangi moja nilipata doti saba hapa Masoko na tatu Kivinje, kwa mkopo. Cherehani yangu ni ya miguu, haiombi umeme, nikashona siku tatu. Sare ziliingia harusini zikiwa bado na joto la pasi.

Sitawadanganya kuwa mambo yote yalinyooka. Mama yule hajarudi tena dukani, na maneno yake yamenifikia. Lesi ilikuja barabara ilipopitika. Nusu niliiuza Idi Kubwa, nusu iko kabatini mpaka leo. Ovaloki bado sijanunua. Lakini duka liko wazi.

Nilichojifunza ni cha kifundi tu. Gauni likikosewa, kuna kufumua na kuna kutupa kitambaa. Anayefumua mshono hajalikatia tamaa gauni. Anaacha mshono mmoja ili nguo ipone. Mimi ilinibidi niiache lesi ili kazi ipone. Na kuna kitu kimoja nimekiacha kabisa, kama yule mama na sukari yake: sipokei kazi kama kitambaa chake hakimo dukani.

Tena tazameni Kisiwani. Magofu yale, na ya Songo Mnara, yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakatiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Bahari inakula, miti inapasua kuta. Watu wakakarabati, na mwaka 2014 yakatolewa kwenye orodha ile. Hakuna aliyesema kuta zitajisimamisha zenyewe kwa kuwa tuna matumaini.

Kwa hiyo shoga yangu, mtu akikwambia "usikate tamaa", mshukuru, kisha jiulize anazungumzia lipi. Wapo wenzetu wanaambiwa hivyo juu ya biashara inayokula mtaji kila mwezi, kumbe wanachohitaji ni kuiacha ile biashara na kubaki na tamaa yao ya riziki. Rehema ya Mola usiikatie tamaa kamwe. Lakini lesi, sukari, na deni la mtu asiye nacho, hivyo unaweza kuviacha na ukalala usingizi.

Allah atupe moyo wa kutafuta, na akili ya kujua cha kuachilia. Amin.