Kuponi za Makupa

Mombasa ya miaka ya 1970, ukipita Makupa jioni, harufu ilikufikia kabla hujamwona mwuzaji: viazi karai, muhogo wa kuchoma uliopakwa pilipili na ndimu, na mafuta ya meli yakija na upepo wa Kilindini. Nyuma ya kwetu, ng'ambo ya ua wa miarobaini, palikuwa na makao ya watoto yatima. Njoo tupenye pale uani. Mlangoni kuna askari.

Bweni ni refu, vitanda vya chuma safu mbili, mablanketi yote ya kijivu, sakafu inanuka dawa ya choo. Chini ya dirisha pana sanduku la mbao limejaa komiki za Kimarekani walizoleta mabaharia. Karatasi zimelegea kwa unyevu wa bahari, pembe zimeliwa na mende.

Hadithi tulizimaliza upesi. Matangazo ndiyo tuliyoyahifadhi kwa moyo. Charles Atlas na kifua chake, akimwahidi nguvu mnyonge aliyerushiwa mchanga ufukweni. Miwani ya kuonea mifupa ya kiganja. Askari wa plastiki, jeshi zima kwa dola moja na ushei. Na Sea-Monkeys: baba, mama na watoto, wana mataji kichwani, wanacheka mbele ya kasri lao majini. Mimi nilitaka askari. Rafiki yangu wa kitanda cha dirishani alibaki na familia ile, akiuliza yupi kitinda mimba, na kama hula pamoja.

Kumbe Sea-Monkeys ni artemia tu, vidudu vya maji ya chumvi ambavyo mayai yake hukaa makavu miaka na miaka. Miaka ya 1980 vilipandikizwa katika mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi, na hakuna hata kimoja chenye taji.

Kuponi ya kuagizia ilizungukwa na vidoti vya kukatia. Ukiikata unatoboa hadithi ya upande wa pili: unafunua ukurasa, Spider-Man yuko hewani hana miguu. Rafiki yangu aliijaza kwa penseli, herufi kubwa: jina, sanduku la posta la makao, na penye jimbo akaandika PWANI. Dola angeitoa wapi? Akaiweka chini ya godoro.

Spider-Man watoto wa makao walimpenda kuliko Superman, kwa kuwa analelewa na mke wa ami yake. "Ami hata mimi ninaye, yuko Likoni," alisema mmoja wao. Kweli alikuwa naye. Wengi walikuwa na ami, na bibi, na khalati, waliokuja Idi na mahamri yaliyofungwa kitambaani, wakaketi barazani, wakaondoka kabla ya magharibi. Kilichowaleta watoto pale ni sahani ya wali na karo ya shule.

Baadaye bweni likagawanywa vyumba, kila chumba na mama mlezi wake. Kisha watoto wakaanza kurudishwa kwa jamaa, na mwaka 2022 Kenya ikazindua mkakati wa miaka 10 wa kuhamisha malezi kutoka makao kwenda kwenye familia. Umechelewa, lakini ndio njia. Gharama ya kumlisha mtoto bwenini ingalimfikia bibi yake Likoni, asingalihama.

Basi wewe mwenye sanduku la komiki stoo, usilitupe. Uliza kwanza mtaani kwako ni bibi gani analea wajukuu, umpelekee, na juu yake uweke unga na mafuta.